Pua na Mkate wa Kwanza

Jina la Pua hakulipata kwa ukubwa wa pua yake. Ilikuwa pua ya kawaida tu, imekaa mahali pake, haimwonei mtu. Jina alipewa na tanuri. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mchomaji katika kiwanda kidogo cha mikate nyuma ya soko, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutazama saa. Tanuri lile lilikuwa la matofali, la kuni, na kuni hazina adabu: leo mbichi, kesho kavu, keshokutwa nusu kwa nusu. Saa haiwezi kukwambia mkate umeiva. Pua alikuwa anakaa kwenye kigoda chake, mgongo kwenye gunia la unga, macho kayafumba, ungedhani kalala. Mara anainuka, anafungua mlango wa chuma, na mikate inatoka jinsi inavyotakiwa itoke.

Ukimuuliza anajuaje, alikuwa anasema kuna harufu ya unga na kuna harufu ya mkate, na kati ya hizo mbili pana nafasi ya kupitisha ukucha. Ukiikosa nafasi hiyo inakuja harufu ya tatu, na ya tatu haina dawa.

Basi siri ya mtu huyu ni kwamba pua yake ilikuwa imekufa.

Yalikuwa mafua tu. Yalimlaza wiki tatu, yakamwachia mwili, yakaondoka na pua. Alipopata nafuu alinusa kitunguu, hakusikia kitu. Alinusa sabuni, mafuta ya taa, shati lake mwenyewe la juzi. Kimya. Na ladha nayo ilikuwa imeondoka na mwenzake. Chumvi aliijua, sukari aliijua, vingine vyote vilikuwa pamba mdomoni. Hakumwambia mtu. Mchomaji asiyesikia harufu ni mbeba kuni tu, na mbeba kuni sokoni hakosekani. Pua alikuwa na miaka hamsini na tisa, hakusomea kingine, na tanuri lile alilijenga kwa mikono yake tofali kwa tofali. Wakimtoa pale, hakuwa na pa kwenda.

Kuna sababu aliogopa hivyo. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwa mwokaji mmoja mkali wa upande wa pili wa mji, miaka mitano bila kukosa siku. Asubuhi moja alifika kazini akakuta shati la mtu mwingine limetundikwa kwenye msumari wake. Hakuna aliyemwambia neno. Shati lilitosha. Tangu siku hiyo, kila alipoingia chumba cha tanuri, kitu cha kwanza alichotazama hakikuwa moto. Alikuwa anatazama msumari wake ukutani kama uko wazi.

Kiwanda hicho alikianzisha pamoja na kaka wa mkewe, ambaye sote tutamwita Shemeji kwa kuwa Pua alimwita hivyo, naye akamwita Pua hivyo hivyo. Shemeji alikuwa na chumba na mikono ya kukanda; Pua alikuwa na ujuzi wa moto. Waligawana kazi kwa ukuta mmoja: upande huu unga, upande ule tanuri. Dirishani aliuza mjane mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, wakamwita Bi Dirisha. Na mke wa Pua alikuja kila asubuhi na chupa ya chai, kwa sababu ya mkate wa kwanza.

Mkate wa kwanza hauuzwi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya mahali pale. Siku ya kufungua, miaka ishirini na sita nyuma, tanuri lilikuwa halijajuana na mwenyewe; mkate wa kwanza ulitoka mweusi upande mmoja na mweupe upande wa pili. Wakasimama wakiutazama kama maiti. Mke wa Pua akauchukua, akaumega kwa mkono, akasema, "Tule kosa letu wenyewe kabla watu hawajaliona." Wakala. Ikawa desturi. Kila siku, mkate wa kwanza kutoka tanurini unawekwa juu ya meza ya kukandia, unamegwa kwa mkono, kisu hakiguswi, na mchomaji anakula wa kwanza. Anatafuna, wenzake wanangoja. Akisema "umeiva," na wao wanakula, dirisha linafunguliwa.

Kwa miezi saba Pua alikuwa anatafuna pamba na kusema umeiva.

Ajabu ni kwamba kweli ulikuwa umeiva. Kila siku. Jambo hilo lilimshangaza mwenyewe, lakini mtu anayeogopa hachokonoi bahati. Alijiambia mwili umezoea, kazi imeingia kwenye mifupa, pua ilikuwa mapambo tu. Na mwenye siri, ndugu yangu, huona siri kwa kila mtu. Pua akaanza kuwachunguza wenzake.

La kwanza lilikuwa kikohozi. Shemeji, ambaye miaka yote alibaki upande wake wa unga, alianza tabia ya kuvuka ukuta. Mikate ikishaingia tanurini, anakuja, anasimama mlangoni, anajifanya anafuta mikono. Hasemi kitu. Kisha baada ya muda anakohoa. Si kikohozi cha mgonjwa. Ni kile cha mtu anayetaka ajulikane kwamba yupo. Pua alikuwa anapandwa na hasira. Ananipeleleza huyu, alijisemea, anataka anikute nimesinzia. Basi kikitoka tu kile kikohozi, Pua anaruka kigodani, anafungua mlango wa tanuri kwa kishindo na kuanza kutoa mikate, apate kumwonyesha mtu mzima mwenzake kwamba yeye yuko macho na yuko kazini. Shemeji anatikisa kichwa kidogo, anarudi kwenye unga wake.

La pili lilikuwa koti. Asubuhi moja Pua alichelewa kidogo, na alipoingia, msumari wake haukuwa wazi. Lilining'inia koti la Shemeji. Shemeji akasema, "Samahani, Shemeji, huku kwako kuna joto," akalichukua, akalitundika mkononi. Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliomtia Pua wasiwasi zaidi. Yule mwokaji mkali naye alikuwa mpole siku ya mwisho.

La tatu lilitoka nyumbani kwake. Alikuwa anarudi kutoka kuchagua kuni, akasikia sauti za mkewe na Shemeji nje ya mlango. Mkewe alisema, "Usimwambie bado, kaka. Subiri." Walipomwona wakanyamaza, kisha wote wawili wakaanza kuzungumzia mvua. Mvua yenyewe haikuwapo, wala wingu.

"Mlikuwa mnasema nini?" aliuliza usiku ule wakati wa kula.

"Mambo ya ndugu," mkewe akajibu. "Kula, Baba Mwalimu, chakula kinapoa."

Kikulacho ki nguoni mwako, alifikiri Pua, akala chakula chake ambacho hakikuwa na ladha yoyote.

Kisha akaiona bahasha. Ilikuwa kwenye droo ya meza, chini ya hesabu za hamira, na Pua si mtu wa kufungua droo za watu, ila siku hiyo droo ilikuwa imefunguka yenyewe kwa msaada wa mkono wake. Ndani kulikuwa na fomu. Juu kabisa paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni fomu ya kuandikisha kampuni. Chini palikuwa na mistari miwili ya majina. Wa kwanza ulijazwa jina la Shemeji, kwa mwandiko wake wa kulala kama mtu mgonjwa. Mstari wa pili ulikuwa mtupu.

Pua aliirudisha bahasha jinsi ilivyokuwa, hata akaipangusa unga wa vidole. Mstari mtupu ulimkaa rohoni. Kama lile jina lingekuwa lake, si lingekuwa limeshaandikwa? Mtu anahitaji muda gani kuandika jina la shemeji wa miaka ishirini na sita? Pale anangojewa mtu mwingine. Shati la mtu mwingine.

Binti yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na Jumapili alikuja kuwatembelea kama kawaida, na mkoba wake wa madaftari na kamusi nene iliyofungwa gundi ya karatasi mgongoni. Pua alimngoja mama mtu aingie ndani.

"Hebu nambie, mwanangu," alisema, kama mtu anayeuliza bei ya viazi. "Kampuni ni nini hasa?"

"Kampuni, baba? Si biashara?"

"Biashara naijua. Neno lenyewe. Limetoka wapi, lina nini ndani."

Mwalimu alimtazama. Baba yake hakuwahi kuuliza neno maishani mwake. Lakini mwalimu ukimuuliza neno umempa peremende, akafungua kamusi. "Tumelichukua kwa Kiingereza, 'company'. Lina maana nyingi kule. Ya kwanza hiyo ya biashara, watu walioungana."

"Wakaungana dhidi ya nani?"

"Haijasema. Halafu ni wageni waliokuja kukutembelea."

"Mgeni ndiye anayeondoka," Pua alisema. "Endelea."

"Kikosi cha askari."

"Mm."

"Kundi la waigizaji wa jukwaani."

"Hapo ndipo penyewe," Pua alisema, akatazama upande wa jikoni ambako mkewe alikuwa anaimba. "Kuna watu wanaigiza vizuri sana mji huu. Ingine?"

"Kuwa na mtu tu, usiwe peke yako. Ukikaa na mtu, umempa hiyo." Mwalimu alishusha kidole ukurasani. "Na asili yake, baba, hii utaipenda. Waingereza waliitoa kwa Wafaransa, na mzizi wake ni Kilatini. Maneno mawili: pamoja, na mkate. Mwenzako ni mtu unayekula naye mkate. Kutoka hapo ndiyo likaja kundi la wenzako, mpaka likafika kwenye biashara."

Pua aliinamia kamusi. "Nani kasema?"

"Wataalamu."

"Wote?"

"Mkate wanakubaliana. Wanachobishania ni kama watu wa Kilatini walilitunga wenyewe au waliliiga kwa majirani zao wa kaskazini."

"Unaona? Hata hapo pana wizi," Pua alisema, akainuka kwenda kutazama kuku. Hakuwa na kuku.

Lakini neno lilimfuata. Mtu unayekula naye mkate. Alilifikiria usiku na akalifikiria asubuhi, na kwa kuwa moyo ulishaharibika, alilifikiria kwa ubaya. Aliona wazi kwamba wale watu watatu, kila siku wakila mkate naye huku wakimficha bahasha kwenye droo, walikuwa wanavunja hata maana ya neno walilokwenda kuliandikisha. Ilimuuma sana. Akaamua kwamba kama ni vita, yeye atalinda upande wake wa ukuta.

Jumatatu alikwenda na komeo. Alilipigilia misumari ndani ya mlango wa chumba cha tanuri kabla wenzake hawajafika, na mikate ya kwanza ilipoingia motoni, akalisukuma. Akakaa kigodani, mgongo kwenye gunia, akafumba macho kama zamani. Alikuwa na amani. Leo hakuna wa kukohoa.

Kuni za siku hiyo zilikuwa kavu kweli, za mti mgumu. Pua alizichagua mwenyewe, alijua zitawaka kwa nguvu, akahesabu kichwani na kupunguza kidogo. Alisubiri mwili umwambie. Mwili haukusema kitu.

Mlango ukasukumwa, ukagoma. Ukagongwa.

"Shemeji? Mbona umefunga?"

"Nafanya kazi."

Sauti ya Shemeji ikarudi, imebadilika. "Shemeji, toa mikate."

"Kazi yako ni unga."

"Toa mikate, inaungua. Fungua."

Pua alitabasamu gizani mle. Ujanja wa kitoto huo. Anataka nitoe mikate mibichi, kisha waseme mzee kachoka, hajui tena kazi. Akavuta miguu, akakaa vizuri. Nje kishindo kiliongezeka, na sauti ya Bi Dirisha ikaingia, ile ya kuamsha mtaa, ikisema watu barabarani wanauliza kuna moto wapi. Pua akafikiri: wote, kumbe wamo wote. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, lakini walimsemea mtu mwenye pua. Yeye alikaa mpaka macho yake yalipoanza kuwasha na machozi kumtoka bila kilio, na alipoyafumbua, moshi ulikuwa umeshashuka mpaka usawa wa kifua.

Alifungua tanuri. Mikate themanini, yote myeusi.

Alipotoa komeo, Shemeji aliingia, akachukua kibao chenye mpini mrefu cha kutolea mikate, wakatoa mikate pamoja, mmoja anavuta, mwingine anapokea, wakikohoa wote wawili safari hii. Bi Dirisha alikwenda kuwaambia wateja warudi baada ya saa mbili. Mke wa Pua alifika na chupa yake ya chai, akasimama mlangoni, akaona, akaingia bila kuuliza. Akachukua mkate mmoja mweusi, akauweka juu ya meza ya kukandia.

"Ndio wa kwanza," alisema. "Njooni."

Wakakaa wanne. Shemeji akaumega kwa mkono; ganda lilivunjika kama mkaa, ndani palibaki donge dogo la kijivujivu. Kipande cha kwanza akampa Pua. Wakangoja, kama walivyongoja kila siku.

Pua alitafuna. Pamba, na uchungu kwa mbali. Aliwatazama wale watatu, nyuso zimejaa moshi, wanamngoja yeye aseme. Kwa miezi saba alikuwa anatafuta mezani pale mtu anayekula mkate kwa uongo. Nyani haoni kundule. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

"Mimi sisikii harufu," alisema. "Wala ladha. Tangu yale mafua. Nimekuwa nawadanganya kila asubuhi."

Mkewe alimimina chai. Halikumwagika hata tone moja.

"Tunajua," Shemeji alisema.

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu kabla hujarudi kazini. Dada aliniambia. Maziwa yaliungua jikoni, na wewe umekaa palepale unasema leo kuna baridi."

Pua alimtazama mkewe, kisha akamtazama shemeji yake, na kitu kikaanza kumfungukia polepole. "Kile kikohozi chako."

"Sina kikohozi, Shemeji. Koo langu zima kabisa. Kila harufu ikibadilika nakohoa, wewe unaruka, unatoa mikate. Miezi saba. Sasa koo limeanza kuuma kweli."

"Mimi hata nilimletea tangawizi," Bi Dirisha alisema.

"Na kwa nini hamkuniambia?"

"Wewe ni mtu wa kuambiwa?" mkewe alisema. "Mtu akikusalimia habari za asubuhi, unamuuliza amesikia nini."

Shemeji alikuwa ameshafungua droo. Aliiweka ile bahasha mezani, katikati ya makombo meusi, akaitoa fomu na kuweka kidole chini ya mstari mtupu. "Soma hapa. Wanataka kila mwenye kampuni aandike kazi yake, halafu atie sahihi kwamba yote ni kweli. Nikasema nikikupa hii, utajiona unaapa uongo, utakataa, na utaondoka bila kutuambia sababu. Nakujua. Ndiyo nikawa nangoja useme mwenyewe."

Pua alishika mdomo. Swali alilokuwa nalo lilikuwa dogo, lakini alilibeba miezi saba. "Na sasa nimesema. Niandike kazi gani?"

"Mchomaji. Utaandika nini kingine? Mimi sijui kuni, sijui moto unalala upande gani, sijui tofali lipi limechoka. Mimi nina pua tu. Pua hata paka anayo."

Hapo Pua alilia. Wenzake walikula vipande vyao vyeusi, wakavimaliza, na hakuna aliyesema umeiva. Kisha akafuta macho kwa kitambaa cha unga, akaivuta fomu karibu, na kwa kuwa mtu habadiliki kwa asubuhi moja, akaisoma yote mbele na nyuma, akauliza yale maandishi madogo ya pembeni yana maana gani, akaigeuza kwenye mwanga. Ndipo akatia sahihi.

Kesho yake Shemeji alikuta komeo limeng'olewa. Ukutani, kando ya msumari wa Pua, palikuwa na msumari mwingine, mpya. Akatundika koti lake, Pua akamtazama anavyolitundika, akaenda kuujaribu ule msumari kwa mkono kama umeshika. Mikate iliingia tanurini. Wakakaa, mmoja kigodani, mwingine juu ya gunia.

Baada ya muda Pua alifumbua jicho moja.

"Kohoa basi," alisema.

"Bado," Shemeji akajibu.